Zamu ya Meza

Mke wa mwana mkubwa wa nyumba ile alikuwa fundi wa miwani, na marafiki zake walimwita Miwani ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha duka, chumba chembamba chenye mashine ya kusagia kingo za lenzi, bomba lililodondosha maji kwenye beseni mchana kutwa, na taa moja ya shingo ndefu. Mteja akishapimwa macho huko mbele, vipimo vililetwa kwake, naye akasaga lenzi kidogo kidogo mpaka ikaingia kwenye fremu bila kulazimishwa. Alikuwa na mikono mitulivu. Mwenye duka alipenda kusema kwamba fundi wake huyo hata akiambiwa jengo linaungua atamaliza kwanza kukaza skrubu, na Miwani alicheka tu, kwa sababu ilikuwa karibu na kweli.

Aliolewa katika nyumba ya watu waliosoma. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, na mpaka leo watu wazima wenye mvi humsimamisha mjane wake njiani kumwambia kwamba mumewe ndiye aliyewafanya wakawa watu. Haikuwa nyumba ya fedha. Makochi ya sebuleni yalishabadilishwa vitambaa zaidi ya mara moja, na kabati la vitabu lilikuwa na kioo chenye ufa. Lakini habari ya aibu haikuwahi kusemwa juu ya mtu yeyote wa nyumba hiyo. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, alikuwa macho juu ya jambo hilo kuliko juu ya presha yake. Watoto wake walikua wakijua kwamba mtu anaweza kukosa gari, akakosa nyumba ya ghorofa, na bado akaingia popote kichwa juu, mradi jina lake ni safi.

Kati ya watoto hao, mwanga wa macho ya mama ulikuwa Kitinda, kitindamimba wake, mdogo wa mume wa Miwani. Kijana mrefu, mtanashati, msemaji mzuri, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima na kurudi nyumbani kila Jumapili na mfuko wa matunda. Alipomsalimu mtu mzima alishika mkono wake wa kulia kwa mikono miwili. Jumamosi iliyofuata familia ilikuwa iende kumtambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, watu wa heshima zao, baba wa binti akiwa hakimu mstaafu. Mama mkwe alikuwa ameshapeleka nguo yake kwa fundi mara mbili, ipunguzwe kiunoni.

Miwani alimpenda shemeji yake huyo. Alimkuta bado kijana wa shule alipoolewa, akamfundisha kupiga pasi kola ya shati. Hilo linafaa kusemwa mapema, ili asije mtu akafikiri kwamba alimtafutia kosa.

Marafiki zake walikuwa watatu, wote wa bweni moja tangu shuleni. Kiranja, ambaye kweli alikuwa kiranja, sasa alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mikate na aliendelea kuamrisha watu. Mama Pacha alikuwa na pacha wa kiume na usingizi mchache. Wa tatu ni Chiriku, karani wa benki, mwenye maneno mengi na kicheko kilichosikika kabla hajaingia mlangoni. Mama yake Chiriku alifariki mwaka uliopita baada ya kuugua sana, na tangu siku hiyo kicheko kile kilikuwa kimenyamaza. Usiku walipotoka tena pamoja ulikuwa usiku wake wa kwanza nje tangu msiba.

Wanne hao walikuwa na desturi yao. Zamani bwenini walipokwenda kuoga, mmoja alibaki kulinda masanduku ya wenzake, na waliita zamu ya masanduku. Walipokua na kuanza kutoka pamoja mjini, zamu ikahamia kwenye meza. Aliyekuwa kwenye zamu alikunywa soda, hakucheza, na hakuondoa macho kwenye glasi na mikoba ya wenzake. Glasi ambayo haikuonwa na mwenye zamu, hata kwa dakika moja, ilimwagwa, hata kama imetoka kununuliwa. Mwenye zamu akitaka kwenda msalani, alikwenda kwanza kumtoa mmoja kwenye kucheza, huyo akakaa badala yake. Watu waliwacheka. Wao hawakujali.

Usiku huo zamu ilikuwa ya Miwani.

Walianzia baa tulivu ya ghorofani, yenye viti vya mbao na muziki wa chini kwa chini. Kiranja aliagiza kwa niaba ya wote bila kuuliza.

"Mimi nilitaka mvinyo," alisema Mama Pacha.

"Wewe ukinywa mvinyo unalala. Kunywa bia, uchangamke."

"Nimeacha watoto wawili nyumbani, nikakuta mama mzazi baa."

Chiriku alitabasamu, halafu akacheka, kicheko kidogo kilichotoka kwa woga kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Wenzake walijifanya hawakusikia, wasije wakakitisha kikarudi ndani.

Hapo ndipo Kitinda alipotokea, kutoka meza ya pembeni, shati jeupe, kola imenyooka.

"Shemeji," alisema, akiinama kidogo. "Na mashemeji zangu wengine wote. Leo mji umepata bahati gani?"

Miwani aliwatambulisha, na hakuficha fahari yake. "Huyu ndiye mdogo wa mume wangu. Jumamosi ijayo tunakwenda kwa wakwe zake."

"Basi nimechelewa," alisema Chiriku.

"Ungesema mapema, dada, ningesubiri," alijibu Kitinda, na meza nzima ikacheka.

Aliwanunulia kinywaji kila mmoja. Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha kijani, alileta chupa zikiwa zimefungwa bado. Alizifungua mbele yao, moja moja, akamkabidhi kila mwenye chupa yake mkononi, kisha akabaki amesimama, akifuta meza ambayo ilikuwa kavu. Kitinda alimwangalia. Mhudumu naye alimwangalia. Hakuondoka mpaka yule kijana alipoaga na kurudi kwa wenzake.

"Huyu mama ana kiburi," alisema Kiranja.

Miwani alimwangalia mhudumu akiondoka na kitambaa chake.

Waliposhuka ngazi kwenda klabu ya mtaa wa pili, alitazama nyuma. Mhudumu alikuwa ameegemea ukingo wa ghorofa, mikono ameifunga kifuani, akiwasindikiza kwa macho. Miwani alimpungia mkono. Mwanamke yule hakupunga.

Klabu ilikuwa chini ya ardhi, katika jengo ambalo mchana lilikuwa la maduka ya vitambaa. Mlangoni baunsa mmoja mnene aliwapekua mikoba kwa tochi. Ndani, taa nyekundu zilizunguka juu ya vichwa, na besi ilipiga kiasi kwamba soda ilitetemeka ndani ya glasi. Walipata meza pembeni mwa nguzo. Chiriku aliketi kidogo, akasikia wimbo alioupenda, akavua kikoti chake na kukitupa mapajani kwa Miwani.

"Nikianguka, mniokote."

"Utaokotwa na baunsa," alisema Kiranja, akamfuata.

Alicheza Chiriku. Alicheza macho amefumba, mikono juu, na uso wake ukawa ule wa bwenini, kabla ya hospitali na kabla ya kaburi. Mama Pacha alimwendea, wakashikana mikono. Miwani, aliyekaa na mikoba minne na glasi tatu zisizo zake, alisikia machozi yakimlengalenga kwa furaha.

"Dunia ndogo, shemeji."

Kitinda alikuwa amesimama kando ya nguzo. Miwani hakukumbuka kumwambia wanakwenda wapi. Huenda Chiriku alisema. Chiriku husema kila kitu.

"Unatufuata?" aliuliza kwa utani.

"Nawalinda. Kaka hayupo, nani atawalinda?" Mume wa Miwani alikuwa safarini kikazi. Kitinda alivuta kiti, akakaa, akaangalia uwanja wa kuchezea. "Yule rafiki yako ana majonzi."

"Amefiwa na mama."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Mtu mwenye majonzi si vizuri kuishi peke yake."

Lilikuwa neno la huruma, naye alilisema kwa sauti ya huruma. Lakini alikuwa bado anamtazama Chiriku, na Miwani aliona kwamba haangalii uso. Anaangalia jinsi anavyosimama, kama mnunuzi anavyokadiria uzito wa kitu kabla hajakiinua. Miwani alijilaumu papo hapo. Huyu ni Kitinda. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la baba yake upande wa mbele na miguu haikumtetemeka.

Soda ilikuwa imemjaa. Alinyanyuka nusu, akatazama kule walikokuwa wenzake. Chiriku alikuwa amemwegemea Mama Pacha, anacheka, kicheko chenyewe sasa, kile cha zamani, kilichopenya muziki wote. Kwenda kumtoa mmoja pale ilikuwa sawa na kumzimia mtu taa. Na hapa mezani yupo mtu wa nyumbani.

"Shemeji, niangalizie meza. Dakika moja."

"Nenda, shemeji. Usiwe na wasiwasi."

Nani angemlaumu? Zamu ile iliwekwa kwa ajili ya watu wa nje. Hakuna mwanamke aliyelelewa vizuri anayemwekea shemeji yake zamu.

Msalani taa ilikuwa nyeupe na kali. Mbele ya kioo alisimama msichana mmoja aliyevaa gauni la bluu, akipaka rangi ya mdomo. Miwani alipokuwa ananawa, msichana alizungumza akiwa bado anakitazama kioo.

"Dada, yule kijana wa shati jeupe mliyekaa naye. Mmekutana naye leo?"

"Hapana, ni shemeji yangu. Mdogo wa mume wangu."

Mkono wa msichana ulisimama. Alifunika rangi yake, akaitia mkobani, akafunga zipu mpaka mwisho.

"Aa. Basi sawa," alisema, akaelekea mlangoni.

"Ngoja kidogo. Ulitaka kusema nini?"

"Sikutaka kusema kitu."

"Mdogo wangu, niambie."

Msichana aligeuka. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye kioo. Alimtazama Miwani kwa namna watu wanavyotazama mlango wa ofisi ambako wameshafukuzwa.

"Nyinyi ni ndugu," alisema. "Mimi nikisema, nitakuwa mwongo. Nilishasema mara moja, nikawa mwongo." Alishika kitasa. "Rudi mezani kwako, dada. Usisimame hapa na mimi."

Miwani hakukumbuka kukausha mikono. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko mwanzo, na kila mtu aliyempisha alimpisha taratibu. Alisukuma. Alikanyaga miguu ya watu. Alipofika kwenye nguzo, meza ilikuwa na mikoba minne, soda yake na glasi mbili za wenzake. Kikoti cha Chiriku hakikuwepo. Kiti cha Kitinda kilikuwa kitupu.

Kiranja alikuwa anarudi, anajipepea kwa mkono. "Chiriku amekwenda kupata hewa. Alikuja kunywa, akasema kichwa kizito. Shemeji yako amempeleka nje, mtu wa watu yule."

"Alikunywa nini?"

"Glasi yake. Ilikuwa hapa hapa mezani." Kiranja aliacha kujipepea. "Si ulikuwepo?"

Miwani alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu bwenini Kiranja hakuwa na amri ya kutoa.

Walipanda ngazi mbiombio, Mama Pacha, aliyewaona wakiondoka, nyuma yao na mikoba yote begani. Nje kulikuwa na ukimya wa ghafla uliouma masikio. Baunsa mnene alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Umemwona dada wa kikoti cha njano? Na kijana wa shati jeupe?"

"Yule aliyezidiwa? Ametoka na shemeji yake. Wako kule kwenye magari." Baunsa alipiga miayo. "Kijana yule ana mashemeji wengi. Kila mara anatoka na shemeji aliyezidiwa."

Alisema kama mzaha. Halafu aliona nyuso zao, na mzaha ukamfia mdomoni. Alisimama.

Uwanja wa magari ulikuwa nyuma ya jengo, umezungushiwa ukuta, na geti moja. Taa za gari moja ziliwaka mwisho kabisa. Miwani alikimbia. Gari lilianza kurudi nyuma, likageuka, likaja, naye akasimama katikati ya njia huku mikono yake mitulivu ikining'inia kando. Hakuinyanyua. Gari lilifunga breki karibu sana na magoti yake, akahisi joto la injini kwenye ngozi.

Kitinda alishuka haraka, anatabasamu. "Shemeji, utajiua. Nampeleka rafiki yako kwake, hali yake si nzuri."

"Kwake ni wapi?"

Tabasamu lilibaki pale pale, ila macho yalihama. Hakujua kwake ni wapi.

Kiranja alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Chiriku alikuwa amelala upande, shavu kwenye kiti, kiatu kimoja hakipo, mdomo umefunguka kidogo. Waliita jina lake. Alifumbua macho, akawatazama bila kuwaona, akayafumba. Mama Pacha alipiga magoti kwenye changarawe, akamkumbatia kichwa kama anavyowakumbatia wanawe, akaanza kumwita tena na tena, polepole.

"Amelewa tu," alisema Kitinda.

"Amekunywa bia mbili na nusu," alisema Kiranja. "Nimezihesabu mimi."

Baunsa alifika na mwenzake. Alitazama ndani ya gari, akatazama chini. Alikuwa mtu mwenye kazi ya kuogopa kupoteza.

"Sikilizeni," alisema. "Kama ni mambo ya nyumbani, mchukueni mwenzenu mkapumzike. Huyu bwana naye aende zake. Hakuna haja ya kelele." Alimgeukia Miwani. "Mama, huyu bwana unamfahamu?"

Kitinda alisogea karibu yake. Aliongea kwa sauti ndogo, ile ile ya Jumapili sebuleni.

"Shemeji. Mama ana presha. Unajua Jumamosi ni nini. Rafiki yako huyu hapa, hajapatwa na kitu, mchukueni. Ukilitaja jina letu mahali kama hapa, asubuhi litakuwa mji mzima. Baba yuko kaburini, hawezi hata kujitetea. Sema tu hunijui, niende. Nakuomba, wewe ni kama dada yangu."

Kila alichosema kuhusu mama kilikuwa kweli, na ndicho kilichomtisha Miwani kuliko vyote: kwamba kijana alijua thamani ya jina lile kama wao wote, na alikuwa akitembea nalo usiku kama mtu anavyotembea na ufunguo. Kwa jina lile alikaribishwa kila meza. Kwa jina lile msichana wa gauni la bluu alifanywa mwongo. Na kama leo litafichwa, halitakuwa limelindwa. Litakuwa limekabidhiwa kwake alitumie.

Alimfikiria pia binti wa hakimu, ambaye Jumamosi angetolewa mbele yao na kusalimu huku ameinamisha kichwa, na Miwani angekuwa ameketi kwenye kochi akitabasamu.

"Namfahamu," alisema.

Akalitaja jina la Kitinda, lote. La kwake, la baba yake, na la babu yake, akitamka kila moja kikamilifu, jinsi mzee mwenyewe alivyokuwa akiwaita wanafunzi wake siku ya kupokea vyeti. Akataja kampuni anayofanya kazi. Akataja nyumba anayotoka. Kisha akasema, "Ni mdogo wa mume wangu. Funga geti, ndugu yangu. Ita polisi. Usipoita wewe, ataita huyu, na atawaeleza vilevile kuhusu wale mashemeji wengine."

Kiranja alikuwa ameshatoa simu.

Baunsa alimtazama Kitinda mara moja, kisha akaenda na kuvuta geti. Chuma kililia kwenye reli yake. Mwenzake alisimama mbele ya gari. Kitinda hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliegemea boneti, akamtazama shemeji yake, na hapakuwa na kitu chochote katika uso ule ambacho Miwani alikitambua. Alikuwa amemfundisha mtu huyu kupiga pasi. Alikuwa amemwachia wanawe wadogo alale nao nyumbani.

Teksi ilikuja, wakampakia Chiriku kwenda hospitali, kichwa chake mapajani kwa Mama Pacha. Kabla mlango haujafungwa alifungua macho, akauliza kwa ulimi mzito, "Zamu ya nani?"

Miwani alibaki na Kiranja kusubiri polisi. Kwa mbali aliona taa ya bluu ikizunguka kwenye kuta za maduka, bado mitaa kadhaa. Mumewe hakupatikana, huko alikokuwa mtandao ulikuwa wa shida. Akaona kwamba mama mkwe hawezi kuachwa asikie habari hii kwa jirani, wala kwa askari mlangoni. Alitafuta namba yake. Sasa ndipo mikono ile mitulivu ilipobonyeza jina lisilo lake, akakata na kuanza upya.

Iliita kidogo tu. Watu wazima hulala usingizi mwepesi.

"Mama, ni mimi."

Kitanda kililia, kisha ile sauti ya mwalimu, iliyonyooka hata gizani. "Nani amekufa?"

Kando ya gari Kitinda aliinua kichwa, akasikiliza.

"Hajafa mtu, mama," alisema Miwani. "Washa taa. Ukae kitini kwanza."